Kilima Kisichokauka

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, sogeeni mpaka magoti yagusane. Wewe uliyesimama hapo, ama ingia ama toka. Mlango si mahali pa kukaa. Zima hiyo simu. Na wewe mwenye kikohozi, kohoa sasa ukimalize, maana nikishaanza sitaki sauti nyingine humu ndani ila yangu, na ikisikika nyingine nataka tujue kwamba si ya mmoja wetu.

Rangi ilikataa kukauka. Hivyo ndivyo ilivyoanza. Hapakuwa na kishindo wala paka mweusi, rangi tu, doa la ukubwa wa sinia katikati ya mchoro, lililobaki bichi wakati pande zote nyingine zilikuwa zimekauka kau.

Mwenye mchoro alikuwa mwanamke mchoraji. Msimdhanie wale wa kuchora ndege na maua na sura za wakubwa. Yeye alichora nchi, milima na mabonde, lakini ukitazama huoni mlima wala bonde. Unaona rangi imelala juu ya rangi, nyekundu ikiteremkia kwenye manjano, weupe wa majivu ukielea juu kama pumzi, basi. Ila ukikaa nayo kidogo, mwili wako wenyewe unajua kwamba hapa ni mteremko, hapa pana kivuli, hapa upepo hupita. Wengine walikuja wakatazama, wakanyamaza sana, halafu wakauliza choo kiko wapi. Hakukasirika. Alisema hata aliyeuliza choo ameguswa na kitu.

Na hakununua rangi dukani. Akitaka kuchora mahali, alichukua udongo wa hapo hapo, ukasagwa, ukachanganywa na gundi na maji. Alitandaza turubai sakafuni, akamimina, akainua pembe moja, akauacha udongo utiririke wenyewe kama unavyotiririka mvua ikipiga mlimani. Alizoea kusema kwamba yeye hachori kilima, anakipa kilima nafasi kijichore. Maneno mazuri hayo. Lakini yapo maneno mazuri ambayo mtu hatakiwi kuyasema mbele ya udongo asioujua.

Alikaa na mama yake mzazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa. Kazi ya kusaga ilikuwa yake. Alikaa chini, jiwe katikati ya miguu, akasaga mpaka udongo ukawa laini kama poda ya mtoto. Na kwa kuwa vumbi la udongo mkavu huruka likamkaba mtu kifua, Bi Mkubwa alikuwa akipiga funda la maji, akalipuliza juu ya unga, fyuu, kama tulivyokuwa tukipulizia nguo kabla ya kupiga pasi. Hakuna aliyemkataza. Nani amkataze? Maji ni maji na mdomo ni wa mama.

Kaka wa mchoraji aliitwa Kijiko, kwa sababu aliendesha lile dude la kuchimba ambalo watu huliita kijiko. Alikuwa kazini machimboni, wanakovunja mawe kupata kokoto. Na kilima kilichokuwa kikivunjwa kilikuwa kile kile ambacho Bi Mkubwa alizaliwa miguuni pake, akateka maji kwenye chemchemi yake tangu mtungi ukimzidi kimo. Kijiko alimwambia mama yake kwamba kilima kinavunjwa na watu wa kampuni. Hakumwambia kwamba mmoja wa watu hao ni yeye, akamwacha adhani anachimba kwingine. Dada yake alijua, na akanyamaza, kwa kuwa nyumbani palikuwa na amani na amani haichokonolewi.

Kilima kilipokuwa kinakwisha, Kijiko alimletea dada yake udongo kwenye magunia. Mwekundu ulitoka ubavuni, mweupe kileleni, na chini kabisa, kwenye mfuko wa peke yake, ulikuwamo udongo mweusi mzito wa pale chemchemi ilipokuwa ikitokea. Siku ile baruti ilipolipuka, chemchemi ilikata kama mtu aliyekatizwa maneno.

“Mchoree mama kwao,” Kijiko alisema. “Asije akaomba kupelekwa. Hakuna cha kumwonyesha pale.”

Basi mama akasaga, akapulizia, na binti akamimina. Mchoro ukatoka mkubwa, wa kufunika ukuta mzima wa chumba cha kazi. Kijiko alipouona alizunguka mbele yake, akakuna kichwa, akauliza ni kilima au ni shuka iliyomwagikiwa chai. Wakacheka wote. Bi Mkubwa yeye alisogeza uso karibu, akatafuta. Akauliza njia iko wapi, na ule mti wa kupumzikia uko wapi, na chemchemi.

“Usitafute kitu, mama,” binti yake akamwambia. “Kaa tu uutazame, mpaka na wenyewe ukutazame.”

Na Bi Mkubwa, maskini, alikuwa mtu wa kusikia la kuambiwa. Akavuta kigoda, akatazama.

Doa bichi lilikuwa pale palipomiminwa ule udongo mweusi. Mchoraji aliligusa kwa kidole, kidole kikatoka na tope. Akafungua madirisha, akaweka feni. Kesho yake likawa bichi zaidi. Akajilaumu, akasema gundi ilikuwa chache. Mama wa ukumbi wa maonyesho alikuwa akiusubiri mchoro huo, na kila akipiga simu aliambiwa bado unakauka, mpaka mwisho akauliza kama umechorwa kwa rangi au kwa maziwa.

Kisha ikaja harufu. Mnaijua harufu ya vumbi likipata mvua ya kwanza? Ni harufu tamu, kila mtu huipenda. Sasa fikirini inawajia ndani ya nyumba, jua kali, mawingu hakuna, na inawajia kila siku wakati ule ule, jua likisimama utosini na vivuli vikijificha chini ya nyayo. Mtu mzima anajua saa hiyo ni ya nani. Usiku watu wanaogopa bure. Usiku angalau una taa. Adhuhuri jua limewaka kote, na bado kuna kitu hukioni.

Mchoraji akaanza kusikia mawe. Si mengi. Jiwe moja linabingirika mahali mbali, linagonga lingine, kimya. Alidhani ni bati, akadhani ni jirani. Lakini sauti haikutoka nje. Ilitoka upande wa ukuta wenye mchoro, na nyuma ya ukuta ule hapakuwa na chumba, palikuwa na barabara.

Na pipa la maji la jikoni, walilolijaza asubuhi, likawa linakutwa limepungua nusu kila baada ya adhuhuri, ilhali sakafu kavu na bomba limefungwa. Akamuuliza mama yake kama amefua. Mama akasema hajafua. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu aliyechoka sana, na alikuwa amekaa kwenye kigoda chake tangu asubuhi.

Siku moja mchoraji alimletea chai, akaona miguu ya mama yake ina tope mpaka vifundoni. Tope jeusi. Na kiganjani malengelenge, yale ya kamba. Na kwenye bega, alipofunua khanga, palikuwa na wekundu wa kitu kizito kilichobebwa muda mrefu. Akapiga magoti, akamuuliza kwa upole amekwenda wapi.

“Huku huku,” Bi Mkubwa akasema, akiuonyesha mchoro kwa kidevu. “Nilidhani naitwa nyumbani, mwanangu. Nikafurahi. Kumbe naitwa kazini.”

“Nani anayekuita, mama?”

“Mwenyewe. Anasema chemchemi imekauka, niijaze.” Akatazama mlango kama mtu anayeogopa kusengenya. “Naijaza, na haijai. Usiseme kwa nguvu, atajua nimepumzika.”

Kuanzia hapo Bi Mkubwa akawa anakauka. Sisemi kukonda. Kukonda ni mwili kupungua. Huyu alikauka kama tunda lililoachwa juu ya bati. Midomo ilipasuka. Macho yakakosa machozi, akawa anafumba na kufumbua na unasikia kope zinakwaruza. Alikunywa maji kopo juu ya kopo, na ulimi ukabaki mkavu kama kipande cha gome. Mchoraji alikuwa akimfunga mama yake kwenye kifua chake saa za adhuhuri, amemkumbatia kwa mikono miwili, anamwambia usiende, mama, leo usiende, na mama anaitikia siendi, mwanangu, siendi, na huku anasema hivyo mwili unazidi kuwa mwepesi mikononi, na nyayo zinazidi kuwa nzito kwa tope linalotoka pasipojulikana, na mawe yanabingirika, na ile harufu tamu ya mvua imejaa chumbani mpaka mtu anatamani kutapika.

Wakampeleka hospitali. Daktari alikuwa mtu mzuri, hakuwadharau. Alisema mzee amepungukiwa maji, akatundikiwa chupa. Kijiko akabaki naye. Asubuhi yote alipata nafuu, akamtania mwanawe kwamba ana miguu mikubwa kama ya lile dude lake la kuchimba. Jua lilipofika utosini, muuguzi akaja kubadilisha chupa, na hata kabla hajamaliza kuifunga ile mpya, maji yalikuwa yameshuka yote, chupa imenywea ikajikunja, na Bi Mkubwa juu ya shuka nyeupe za hospitali, miguu yake ikiwa ndani ya blanketi lililochomekwa pande zote, alikuwa ameacha alama za nyayo za tope, moja mbele ya nyingine, kama anayepanda. Muuguzi aliangalia zile nyayo, akamwangalia Kijiko, akamwambia taratibu amrudishe mama yake nyumbani na atafute watu wanaojua.

Kijiko alirudi amekasirika, hasira za mwoga. Akasema mchoro utoke humo ndani sasa hivi, ukachomwe. Akaung’oa ukutani peke yake, mchoro wa kitambaa na mbao, ukamlemea mpaka mishipa ya shingo ikasimama, maana ulikuwa mzito kama pipa lililojaa. Alipofika nao mlangoni, Bi Mkubwa kule kitandani akalia. Sauti ilikuwa yake, maneno hayakuwa yake. Alilia kwamba wanambomolea tena, kwamba ametoka kubomolewa juzi na leo wanambomolea tena. Na pua ikaanza kumtoka vumbi. Vumbi, wajukuu zangu, mahali pa damu.

Kijiko akaurudisha ukutani, akakaa chini, akashika kichwa.

Ndipo wakamwita mganga mmoja mwanamke, aliyejulikana kwa jina la Bi Taratibu kwa sababu hakuwahi kukimbilia kitu. Walimtumia gari, akaja kwa miguu. Kijiko akamnong’oneza kwa uchungu kwamba mama anakufa.

“Ningekimbia ningemkuta amelala,” Bi Taratibu akajibu. “Wa aina hii huamka jua likisimama. Niletee kiti, na maji ya kunywa, na msinizungumzishe.”

Hakuchoma kitu, hakupiga kitu. Alikaa mbele ya mchoro kama mteja. Akauliza umetengenezwaje, na mchoraji akamweleza yote, udongo, gundi, kuinua pembe, mama anavyosaga. Alipofika kwenye kupulizia, Bi Taratibu alimrudisha nyuma, akataka alisikie tena. Kisha akapumua.

Akawaeleza kwamba huyu hakuja kudhuru. Kavunjiwa nyumba. Mwenye kilima huwa mmoja, na kilima kikiondoka yeye haondoki nacho. Hubaki kwenye vumbi, kwenye magurudumu, anatangatanga. Sasa amekuta udongo wake umetandazwa upya, mteremko uko palepale, kilele kiko palepale, bila mti wala kibanda cha mtu, kama kilivyokuwa kabla ya watu. Na udongo wa chemchemi yake, binadamu amekuja akaumiminia maji ya kinywa chake. Kwetu sisi hiyo ni kazi ya vumbi. Kwao ni ahadi. Aliyekupa maji ya kinywa amesema nitakunywesha mpaka mwisho wangu.

Mchoraji akauliza kama udongo unaweza kurudishwa ulikotoka.

Bi Taratibu akamgeukia Kijiko. “Pale pana nini sasa?”

“Shimo,” Kijiko akasema. “Kilima kiko barabarani. Kiko kwenye kuta za watu.”

“Basi lazima tuzungumze naye. Na mnisikilize vizuri. Atauliza. Asiyetaka kubeba asijibu, maana anayejibu amekubali.”

Wakamleta Bi Mkubwa, wakamkalisha kwenye kigoda. Hakuwa na uzito wa kuku. Jua likapanda. Kwanza ikaja harufu, halafu jiwe moja, halafu lingine, halafu doa lile jeusi likaanza kung’aa kama jicho linalotaka kulia, na Bi Mkubwa akanyoosha mgongo ambao haukuwa umenyooka tangu wajukuu zake wazaliwe, akafungua mdomo, na iliyotoka haikuwa sauti ya mwanamke wala ya mwanamume bali ya kitu kinachoongea kutoka chini ya kitu kingine.

Kilisema kilivunjiwa. Kilikaa juani. Kilikaa chini ya matairi. Kisha kikasikia kinapuliziwa maji kwa upole, na hakikuwahi kutendewa upole na binadamu, kikajua kimekaribishwa. Kikauliza kosa lake ni nini.

Mchoraji alikuwa amepiga magoti. Alisahau aliloambiwa, akasema, ila alichoulizwa hakukijibu. Alisema atamchorea mto. Mto mzima, bluu tupu, ukuta kwa ukuta, autie ndani ya chemchemi yake, amwachie mama.

Bi Mkubwa akageuza shingo taratibu mno.

“Rangi ya dukani hainyweki,” ile sauti ikasema.

Bi Taratibu akamshika mchoraji mkono, akatikisa kichwa.

“Huyu kizee amekwisha,” ikaendelea. “Leo ndiyo mwisho wa maji yake. Sipendi afe, ni mtekaji mzuri, nilimjua angali mtoto. Lakini kiu ni kiu. Nani amenivunjia? Yumo humu. Namsikia anavyonuka mafuta.”

Ulimi wa Bi Mkubwa ulikuwa umekuwa mweusi, ngozi ya shavu imeanza kupasuka mistari mistari kama uwanja wa kiangazi, na mchoraji akaona kwamba mama yake hatafika alasiri, akafungua mdomo kusema ni mimi, mimi ndiye niliyechora, nichukue, na kabla neno halijatoka mkono mkubwa wenye ugumu wa usukani ukamziba kinywa kutoka nyuma.

“Ni mimi,” Kijiko akasema. “Mimi ndiye niliyekuwa juu ya kijiko. Baruti walipiga wengine. Chemchemi niliizika mimi.”

Na hapo, wajukuu zangu, kwa kitambo cha kufumba jicho, macho ya Bi Mkubwa yakawa ya Bi Mkubwa. Akamtazama mwanawe. Kijiko alikuja kusema baadaye kwamba ile sauti ya chini haikumtisha kama mtazamo ule.

Bi Taratibu akampa bilauri ya maji bila kumwangalia usoni. Kijiko akapiga funda, akasogea kwenye mchoro mpaka pua ikakaribia kugusa, akapuliza. Fyuu.

Doa likanywa. Lilinywa kwa sauti, kama ng’ombe. Kisha, mbele ya macho yao, likaanza kukauka kutoka ukingoni kuja katikati, mpaka likawa kavu lote, na mchoro ukawa mchoro, rangi juu ya rangi. Bi Mkubwa akaanguka ubavu, binti yake akamdaka, akahisi unyevu kwenye mkono. Mama alikuwa analia. Machozi ya kweli, ya chumvi. Yalimtoka mpaka jioni na hakuna aliyemwambia anyamaze.

Wakafurahi? Walifurahi, na walitazamana. Maana Kijiko alikuwa amesimama palepale na shati lake, kwenye mabega yote mawili, lilikuwa limelowa.

Bi Taratibu aliwaambia mchoro usiuzwe, usichomwe, usigeuzwe. Wakaufungia kwenye kile chumba. Mama wa ukumbi akapelekewa michoro mingine, na watu wakaisifu, na mmoja akauliza choo kiko wapi. Mchoraji aliendelea kuchora, ila kwa rangi za makopo. Waliomjua walisema michoro yake ilikuwa mizuri bado, lakini mtu akiitazama, yenyewe haimtazami.

Kijiko aliacha machimbo. Kila adhuhuri, popote alipo, akiwa mezani au katikati ya mazungumzo, alinyamaza kidogo, macho yakaenda mbali, kisha akarudi anahema, nyayo nzito. Alikuwa kijana mwenye nguvu, kwa hiyo alikauka polepole. Bi Mkubwa hakuwahi kumtajia kilima. Alikuwa akimsubiri na mafuta ya nazi, akimkanda mabega kimya kimya, na mwana akiinamisha kichwa. Waliishi hivyo miaka.

Bi Mkubwa alikufa kitandani kwake, amenenepa, amekunywa chai. Nyumba ilirithiwa na mchoraji, pamoja na kile chumba na ufunguo wake. Jiwe la kusagia alilichukua mpwa wake, akalitia mlangoni kuzuia upepo. Khanga waligawana wajukuu wa kike, na wakagombana. Kijiko hakuachiwa kitu, na hakudai. Alikuwa na chake tayari.

Na hicho chake, alipokufa naye, mwembamba kama ufito, alikirithi binti yake wa kwanza, aliyezaliwa mbali, aliyeolewa mbali, ambaye hajawahi kukiona kilima wala kuingia chumba kile. Wiki ile ya msiba alikuwa jikoni kwake, jua liko utosini, anakata vitunguu. Akaweka kisu chini. Akashika bega, akamuuliza mumewe taratibu tu, kama mtu anayeuliza nani amepiga hodi:

“Ni nani huyo anayeniambia nikateke maji?”